Wa Mwisho Duniani

Mahdia, mji wetu wa pwani ya Tunisia, ina mambo mengi ya kujivunia, na asiyeyajua ajilaumu mwenyewe. Ina dagaa, ina hariri, ina makaburi yanayoitazama bahari vizuri kuliko vyumba vingi vya hoteli vya kulipia. Lakini kwa mwaka mzima, Oktoba hadi Oktoba, ilikuwa na kitu ambacho Paris haina, Kairo haina, na majirani zetu wa Sousse, pamoja na majivuno yao yote, hawajawahi hata kukiota. Mahdia ilikuwa na mtu wa mwisho duniani.

Aliitwa Lassaad Ghedira, na kazi yake ilikuwa kucheza tenisi.

Kila Jumatatu wakubwa wa mchezo huo hutoa orodha ya wanaume wote wanaoucheza kwa riziki, kuanzia yule unayemwona kwenye televisheni akijifuta jasho kwa taulo jeupe, mpaka wa chini kabisa. Sasa huyo wa chini kabisa ndiye Lassaad wetu. Si karibu na chini, la! Chini penyewe, pale karatasi inapoishia. Alikuwa na pointi moja. Wenye pointi moja walikuwa wengi, ila kanuni inasema wakilingana, aliyecheza mashindano mengi zaidi anawekwa chini ya wenzake. Na hakuna aliyecheza mengi kuliko Lassaad. Palipofungwa wavu, yeye yupo.

Ezzeddine kinyozi aliubandika ukurasa wa mwisho wa orodha hiyo kwenye kioo chake, jina la Lassaad likiwa limezungushiwa wino mwekundu. Mgeni akikaa kwenye kiti na kupakwa sabuni mpaka puani, asiweze kujibu, ndipo Ezzeddine huanza.

"Duniani kuna watu bilioni nane, bwana. Sawa? Toa hawa elfu mbili walioko kwenye orodha. Waliobaki wote wako nyuma ya Lassaad. Na wewe ukiwemo. Inua kidevu."

Mwanzoni Lassaad aliona haya. Baadaye akazoea, na mwisho akaanza kuipenda hiyo nafasi, kwa sababu moja ambayo ni yeye peke yake angeweza kuwa nayo: alipenda kujua mambo. Kutoka kule chini, alisema, unawaona watu wote migongo yao. Maradhi hayo ya kutaka kujua ndiyo yaliyomponza, na mpaka leo ukiingia kinyozini kwa Ezzeddine utawakuta watu wanabishana juu ya mguu wa kulia wa Lassaad, kwamba siku ile ulifanya lile jambo kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Wenye digrii wana maelezo yao. Yasikilize haya kwanza.

Lassaad alizaliwa nyuma ya viwanja vya hoteli moja ya ufukweni, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo kuta zake zilikuwa nyekundu mpaka kiunoni kwa vumbi la matofali ya kusagwa. Baba yake, Mzee Frej, alikuwa mtunza viwanja. Viwanja vinane vya udongo mwekundu, kila kimoja akikipiga maji alfajiri, akikiburuzia wavu wa kusawazisha, kisha akifagia mistari mpaka inang'aa kama meno ya bibi harusi. Watoto wake wawili, binti yake Mongia na Lassaad, walikuwa mafagio yake ya pili na ya tatu.

Mzee Frej hakujua kusoma gazeti, lakini uwanja aliusoma. Kwenye udongo kila mpira huacha alama unapoanguka, na mchezo ukiisha uwanja mzima umejaa maandishi. Kabla ya kuyafuta alitembea nayo pamoja na wanawe.

"Hapa yule Mjerumani aliteleza. Hapa alichoka, tazama, kisigino kinaburura. Mpira huu wa mviringo ulikuja polepole. Huu mrefu kama kokwa ya tende ulikuja na hasira."

"Na huu, baba?"

"Huu sijui. Kwa hiyo hatuufuti. Chuchumaa hapa mpaka tujue."

Walichuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Mzee Frej alikuwa na sheria moja tu nyumbani kwake: alama usiyoijua huigusi, na uliyoijua unaifuta kwa mguu wako mwenyewe, humwachii mwenzio.

Basi Lassaad akakua na jicho hilo. Alikuwa na miguu mizuri, mkono wa wastani, na mpira wa kuanzia ambao Mongia alisema unafika ng'ambo ukiwa umeshakata tamaa. Lakini jicho! Wachezaji wote wa ngazi ya chini, wale wanaozunguka Tunisia, Misri na Uturuki wakigombea pointi mojamoja, walimjua kwa kidole chake. Wenzake wanapogombania mpira umeangukia ndani au nje, mwamuzi hushuka kitini kwenda kutazama alama, na hapo maneno huruka, mama za watu hutajwa. Kwa Lassaad haikuwa hivyo. Akinyoosha kidole juu, mpira ni nje. Akiteremsha kiganja, ni ndani. Mpinzani anageuka na kwenda zake. Miaka kumi na miwili, hakuna aliyewahi kumwita mwamuzi ashuke kukihakiki kidole kile. Hebu nitajie waziri mwenye sifa hiyo.

Alisafiri na begi la raketi, mashine ndogo ya kufungia nyuzi, na kopo la bsisa, ule unga wa shayiri ya kukaangwa ambao Mongia aliusaga na kuukanda kwa mafuta ya zeituni. Wenzake walikula vitu vya kwenye karatasi zinazong'aa. Yeye alichota kijiko cha bsisa, akalamba, akaingia uwanjani. Usiku walilala watu watatu chumba kimoja, na mchana alipotolewa mapema, jambo ambalo lilikuwa kawaida, aliwafungia wengine nyuzi za raketi zao ili apate nauli ya kwenda kutolewa mahali pengine.

Na kila mechi ikiisha, ameshinda au ameshindwa, walipopeana mikono kwenye wavu, alimuuliza mpinzani wake swali moja. Moja tu. Si la tenisi. Alimuuliza Mturuki mmoja kama kwao wanaoga kabla ya kulala au baada ya kuamka. Alimuuliza Mchina nani alimchagulia jina. Wengi walicheka, wengine walidhani wanatukanwa, lakini walijibu. Hata alipofika Nairobi mara moja, akapewa chapati tupu, akaikunja, akaifunua, akaitazama kwa chini, kisha akamuuliza mwenye mgahawa kwa adabu kubwa, "Samahani, mama, na vya ndani viko wapi?" Maana kwetu Mahdia chapati isiyo na yai, samaki wa tuna na pilipili ndani ni leso.

Mongia ndiye aliyekuwa na kibanda cha chapati, pale zinaposimama teksi za kwenda Sfax. Alikuwa amemzidi Lassaad miaka sita na kilo nyingi, na tangu Mzee Frej afariki yeye ndiye aliyekuwa baba, mama na polisi. Hakuupenda ule mwendo wa ndugu yake.

"Una miaka thelathini na mmoja," alimwambia, akipasua yai kwa mkono mmoja. "Wenzio wana watoto wanaowajibu vibaya. Wewe una nini?"

"Nina pointi."

"Ngapi?"

"Unajua ni ngapi, dada."

"Nataka nisikie ikitoka mdomoni mwako."

"Moja."

"Na hiyo moja inakufa lini?"

Hapo ndipo palipouma. Pointi ya tenisi huishi wiki hamsini na mbili, kisha huanguka yenyewe kama jino la mtoto. Lassaad aliipata ya kwake Monastir, Oktoba ya mwaka uliopita, kwa kumshinda Mmoroko mmoja katika mzunguko wa kwanza. Jumatatu ya wiki iliyofuata ilikuwa inaanguka. Asiposhinda mechi moja, moja tu ya mzunguko wa kwanza, kabla ya siku hiyo, jina lake linatoka kwenye orodha. Na asiyekuwemo kwenye orodha si mchezaji. Ni mtu mwenye raketi.

Wakati huohuo Si Taoufik ("Si" kwetu ni "Bwana"), meneja wa hoteli, alikuwa amemwekea kazi ya marehemu baba yake: kutunza viwanja na kuwafundisha wageni. Alimngojea miezi minane, huku akiajiri vibarua ambao mmoja wao alivimwagia viwanja maji ya chumvi. Subira ilikuwa imemwisha.

"Jumatatu saa mbili asubuhi nataka jibu, Lassaad. Nakuheshimu kwa ajili ya mzee wako, lakini Jumatatu saa mbili na dakika moja namwita mtu kutoka Sousse."

"Si Taoufik, mtu wa Sousse kwenye viwanja vya baba yangu?"

"Ndiyo maana nimekwambia mapema, ushtuke."

Mongia akaja na fagio la zamani la Mzee Frej, akamwekea ndugu yake mbele ya chapati yake.

"Shika hapa. Apa. Jina likibaki kwenye orodha, nenda zako, zunguka mpaka meno yang'oke, sitasema neno. Likitoka, unaacha."

Lassaad alishika mpini, akaapa. Hakuiogopa ile kazi, msidhani. Alichoogopa ni kitu kingine, na hakumwambia mtu kwa sababu kingechekesha: kila wiki mtu mpya kutoka mahali papya alisimama ng'ambo ya wavu. Akiacha, ataanza kumuuliza nani maswali yake?

Bahati ikaja hukohuko nyumbani. Mashindano ya wiki ile ya mwisho yalikuwa yanafanyika kwenye viwanja vilevile vinane. Lassaad aliingia kwenye mchujo, ambao hautoi pointi, akamtoa Mtaliano aliyekuwa akiongea na raketi yake, kisha Mfaransa aliyekuwa akiongea na baba yake kupitia uzio, na Jumanne akajikuta kwenye mzunguko wa kwanza wenyewe. Mpinzani wake alikuwa Joris, Mbelgiji wa miaka ishirini na mbili, mrefu kama nguzo ya simu, mtu wa mia tisa na kitu kwenye orodha. Kwa watu wa pale chini, huyo ni sultani.

Kinyozi alifunga duka. Wenye teksi za Sfax walisema gari zimeharibika, zote kwa pamoja, Mungu awasamehe. Mongia tu ndiye aliyebaki kibandani.

"Siendi kumwangalia mtu akikimbia jua lote hilo," alisema. Lakini Ezzeddine alimpigia kutoka uwanjani na kuiacha simu wazi, na Mongia alikubali kuiegemeza ya kwake kwenye ndoo ya harisa, ile pilipili yake ya kusaga.

Seti ya kwanza Lassaad alishinda sita kwa nne, kwa kurudisha kila kitu. Joris alipiga, Lassaad akarudisha. Joris alipiga zaidi, Lassaad akarudisha juu zaidi, mipira mizito inayoshuka kutoka mawinguni kama inayofikiria kwanza. Seti ya pili Mbelgiji akaamka, sita kwa tatu. Ya tatu ikawa patashika. Jua lilikuwa usoni, udongo umekauka, na kila hatua ilitoa moshi mwekundu. Mwamuzi, Emna, msichana makini kutoka Monastir, alikuwa ametoa sauti mpaka imekwaruza.

Tano kwa nne, Lassaad anaongoza. Arobaini kwa thelathini. Pointi moja imebaki.

"Ezzeddine," ilisema simu, "mbona mmenyamaza? Mmekufa?"

"Nyamaza na wewe, Mongia! Imebaki moja!"

Lassaad alianzisha mpira wake ule uliokata tamaa. Joris akaurudisha. Wakapigiana mipira kumi na tisa, kinyozi aliihesabu. Wa ishirini Mbelgiji aliupiga kwa nguvu zote zilizobaki, ukapita juu ya wavu kwa unywele, ukaja kuanguka nyuma kabisa, kwenye kona ya kushoto ya Lassaad, miguuni mwake. Lassaad hakuugusa. Alinyoosha kidole juu.

"Nje!" Emna akatangaza.

Wenye teksi walipasuka. Mmoja alitupa kofia, mwingine akatupa kofia ya mwenzake. Joris aliinamisha kichwa. Kocha wake alimpigia kelele kutoka kwenye uzio kwamba adai mwamuzi ashuke atazame alama.

"Ya nini?" Joris alimjibu bila kugeuka. "Ni kidole cha Lassaad." Naye akaanza kutembea kuelekea kwenye wavu, mkono wa kulia umeshanyooshwa mbele.

Hapo mtu mwingine yeyote, mimi, wewe, sheikh wa msikiti mkuu, angetembea kwenda kupokea mkono ule. Hatua kumi na mbili. Zaidi ya hapo hakuna alichokuwa anadaiwa. Alikuwa amenyoosha kidole kwa kile alichokiona, na alikiona kwa imani safi.

Lakini Lassaad aligeuka nyuma. Alikuwa na udadisi tu. Mpira ule ulitoa mlio ambao hakuutarajia, kakelele kadogo kakavu, na alitaka kujua. Akaenda kwenye kona, akachuchumaa.

Alama ilikuwa ndefu kama kokwa ya tende. Mpira wa hasira. Ncha yake ya nje ilikuwa mbali na mstari, hiyo ndiyo aliyoiona, jicho lake lilipodanganyika na jua. Ncha yake ya ndani, mahali ambapo udongo ulikuwa umepungua, ilikuwa imelamba mstari mweupe na kuacha wekundu, mwembamba kama uzi wa kushonea kifungo.

Alichuchumaa pale muda ambao wengine walisema ni sekunde tano na Ezzeddine anasema ni sala nzima ya alasiri. Jua lilimpiga mgongoni. Aliusikia mji wake ukishangilia. Alifikiria, na hili baadaye alilikiri kwa mtu mmoja tu, kwamba hakuna binadamu duniani anayejua anachokijua yeye, na kwamba baada ya dakika kumi vibarua wataburuza wavu juu yake na hata yeye hatakuwa na hakika tena.

Kisha akasimama, akaifuta kwa mguu wa kulia, na akateremsha kiganja.

Kwenye udongo kufuta alama mbele ya mwamuzi kuna maana moja tu: nimekubali, mpira ulikuwa mzuri, pointi ni yako. Emna alimwangalia kwa kinywa wazi.

"Lassaad? Umefuta?"

"Ndani," alisema Lassaad.

"Lakini nimeshatangaza..."

"Ulitangaza kwa sababu yangu. Ni ndani, binti. Arobaini kwa arobaini."

Kwenye uzio palilipuka. "Mguu umeteleza!" alilia Ezzeddine. "Mwamuzi, mguu umeteleza tu! Lassaad, mwambie umeteleza, punda we!"

"Nini?" ilipiga kelele simu. "Nini kimeteleza? Amevunjika?"

Sasa, mngependa kusikia kwamba baada ya jambo zuri kama hilo alishinda. Kwenye tamthilia za Ramadhani angeshinda, na Mbelgiji angesilimu. Alishindwa saba kwa tano. Joris, ambaye alikuwa ameshajizika, alifufuka na hakukosa tena. Lassaad alikimbia kila mpira, hilo hakuna anayelikataa, mpaka ule wa mwisho, akaanguka kifudifudi na kubaki na udongo mdomoni.

Kwenye wavu walishikana mikono. Lassaad alifungua mdomo aulize swali lake, lakini Joris akamtangulia.

"Leo nauliza mimi. Kwa nini ulienda kuangalia?"

Lassaad alifikiria. "Nilitaka kujua," alisema.

Mbelgiji akaokota begi lake, akaenda kumkabili kocha.

Jioni mji uligawanyika. Nusu walisema aliteleza, na kwa aibu akajifanya muungwana. Nusu walisema jua lilimpiga kichwani. Mwalimu mmoja mstaafu alisema ni mambo ya saikolojia, kwamba mtu aliyekaa mwisho muda mrefu huogopa kusogea, na alipewa kahawa ya bure ili anyamaze. Lassaad alipita katikati yao na begi lake begani, akaenda moja kwa moja hadi kibandani kwa Mongia na kukaa kwenye kreti la soda.

Mongia hakumwangalia. Alitandaza unga, akaweka kwenye chuma cha moto, akapasua yai, akamwaga tuna.

"Ulikuwa umeshinda?"

"Nilikuwa nimeshinda."

"Mwamuzi ameshatangaza?"

"Ameshatangaza."

"Na yule mrefu anakuja kukupa mkono?"

"Anakuja."

"Na hakuna mtu aliyekwambia nenda kaangalie."

"Hakuna."

Mongia aligeuza chapati. Lassaad aliinama, akisubiri. Alimjua dada yake; aliwahi kumpiga mtu mzima kwa kijiko cha harisa kwa sababu ndogo zaidi. Chapati ilianza kuungua ukingoni na yeye hakuiondoa.

"Iligusa kiasi gani?" aliuliza Mongia.

"Nini?"

"Alama! Iligusa mstari kiasi gani? Kidole? Nusu kidole?"

Lassaad alimwonyesha kwa ukucha wa kidole kidogo, kisha akapunguza. "Uzi tu. Uzi wa kifungo."

"Ndefu au ya mviringo?"

"Kokwa ya tende."

"Imeinamia upande gani?"

"Kushoto. Ncha ya ndani imepungua udongo."

"Ahaa," Mongia alisema polepole, macho yake yakiwa mbali, kwenye viwanja alivyovifagia akiwa na miaka tisa. "Kona ile upepo unakula udongo. Baba alikuwa anaongeza ndoo moja kila Alhamisi." Ghafla akapiga meza. "Na umeifuta!"

"Dada, sheria ya baba..."

"Sheria ya baba ni kufuta ukishajua! Mimi nilikuwa nimejua? Mjinga mkubwa wewe, ungeniita kwanza nije nione!"

"Katikati ya mechi?"

"Kwani ni mbali? Ningekuja!"

Akamtupia chapati iliyoungua kwenye karatasi, na hakumtoza. Na huyo ndiye mtu mmoja ambaye Lassaad alimkiria, akiitafuna, yale aliyoyafikiria alipokuwa amechuchumaa. Mongia alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono kwenye aproni, na kusema tu kwamba chumvi imekolea leo.

Jumatatu orodha ilitoka. Lassaad aliifungua kwenye simu akiwa amesimama nje ya ofisi ya Si Taoufik, saa mbili kasoro dakika tano. Aliteremka na kidole mpaka chini. Pale alipozoea kuliona jina lake, palikuwa na jina jingine: Ilie Cebotari, wa Moldova. Pointi moja. Mashindano thelathini na nane.

Alilisoma mara ya pili. Ni kama kurudi kwenye nyumba uliyopanga miaka na kukuta mtu mwingine ameanika nguo zake.

Mlango ulifunguka. "Umebakiwa na dakika tatu," alisema Si Taoufik.

"Si Taoufik, Moldova ni wapi hasa?"

"Nimekuuliza kazi, wewe unaniuliza jiografia?"

"Nimekubali kazi. Moldova ni wapi?"

Alianza siku hiyohiyo. Kitu cha kwanza alipeleka ndoo ya udongo kwenye kile kiwanja, kona ya kushoto, na kila Alhamisi akapeleka nyingine. Fagio la Mzee Frej alilifunga waya mpya. Viwanja vilirudi kuwa vyekundu, wageni wakafundishwa, na kila wiki wachezaji walikuja kama ndege, wakamkuta ameketi kwenye ngazi ya mwamuzi na sahani ya bsisa, akiwa na swali. Kwa hiyo lile aliloliogopa halikutokea: hakuhitaji tena kuwafuata, walikuwa wanakuja wenyewe. Ila, na haya alimwambia Ezzeddine akiwa na sabuni puani, alikosa kuulizana na mtu aliyekuwa amechoka kwa sababu yake. Majibu ya namna ile ni matamu zaidi.

Lakini kila Jumatatu aliteremka na kidole mpaka chini. Ilie Cebotari alikuwa bado yupo. Mashindano thelathini na tisa. Arobaini na moja. Lassaad aliwauliza wachezaji wote waliopita: unamjua huyu? Mromania mmoja alisema ni mfupi. Mserbia alisema anasafiri na sufuria. Sufuria ya nini? Mserbia hakujua. Jambo hilo lilimnyima Lassaad usingizi wa wiki nzima, na mji mzima ukaambukizwa. Kinyozini watu waliwekeana dau la kahawa juu ya sufuria ya Mmoldova.

Machi, siku ya kujiandikisha kwa mchujo, alishuka mtu mmoja kwenye teksi ya kutoka Monastir. Mfupi, ndevu za siku tatu, begi la raketi limeshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Kwenye mkono mwingine alikuwa ameshika sufuria, kifuniko kimefungwa kwa kamba.

Lassaad alikuwa anapiga maji kiwanja cha tatu. Aliangusha mpira wa maji chini ukaendelea kumwaga, akavuka viwanja viwili bila kufuta nyayo zake, jambo ambalo Mzee Frej angemchapa kwalo.

"Ilie Cebotari?"

Mtu yule alirudi nyuma hatua moja, kama anayedaiwa. "Unanijua?"

"Wa mwisho duniani!" alisema Lassaad, na kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Karibu. Umekula? Hujala. Twende kwa dada yangu. Usiseme kitu kwanza, nina haki ya swali moja tu na sitaki kukosea."

Wakatoka nje ya lango, Lassaad akiwa amelibeba begi la mgeni, mgeni akiwa ameikumbatia sufuria yake. Njia nzima Lassaad alikuwa akichagua swali, uso umemkunjamana. Aulize sufuria, au aulize ile pointi aliipataje? Walipofika karibu na kibanda, Mongia alimwona yule mtu, akaiona sufuria, akaacha yai hewani.

"Lassaad," alisema, "kama wewe huulizi, nauliza mimi."